Doa la Jicho Lina Majina Mangapi?

Suala la istilahi za tiba katika Kiswahili limejadiliwa kwa miaka mingi makongamanoni na majaridani, na aghalabu mjadala huo huanzia mezani na kuishia mezani. Wanaisimu hukusanya orodha ya maneno ya kigeni, wakayatafutia visawe, wakayatia kamusini, kisha wakasubiri matabibu wayatumie. Matabibu hawayatumii. Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 ni kazi ya kuheshimiwa, lakini atakayeitafuta juu ya meza ya tabibu katika pwani ya Kenya ajiandae kurudi mikono mitupu. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro haimo katika kamusi hizo, bali katika mwelekeo wa safari. Maneno yanasafirishwa kutoka chuoni kwenda hospitalini, ilhali yale yenye kazi kubwa zaidi yako hospitalini tayari, vinywani mwa wagonjwa, na hakuna anayeyaandika. Mfano utakaotumiwa hapa ni mdogo kwa kipimo: vile vitu vinavyotuama juu ya jicho la mtu. Mahali ni Gede.

Gede ni mji mdogo ulio katika barabara ya Malindi, karibu na njia panda ya kuelekea Watamu. Wageni huujua kwa magofu yake, ambayo kwa jina la Gedi yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. James Kirkman alipochimbua mji huo wa kale kati ya mwaka 1948 na 1958, alizikuta nyumba zisizo na majina, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuuhama karne kadhaa kabla. Akazipa majina kwa kufuata kilichopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Hilo si jambo la mapambo. Mwanaakiolojia anajua kwamba chombo kilichookotwa bila ya kuandikwa kilipatikana wapi, katika tabaka gani na kando ya nini, kimepoteza nusu ya maana yake hata kama ni cha dhahabu. Tabibu wa macho yumo katika kazi iyo hiyo. Naye huangalia uso wa kitu, akatafuta kilichotuama juu yake, akajiuliza kimetoka wapi na kimekaa tangu lini, kisha akaandika. Tofauti ni kwamba kitu anachokichunguza yeye kinazungumza, na kinazungumza Kiswahili au Kigiriama, huku kadi ikijazwa kwa Kiingereza.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwa maana ya mithali hiyo wamesema kweli, lakini kwa maana ya tiba jicho lina pazia mbili angavu. Ya kwanza ni konea, kile kioo kilicho mbele ya mboni. Ya pili ni utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kupinda kuingia chini ya kope. Juu ya pazia hizo, au ndani ya tabaka zake, huweza kutuama vitu vya kila namna: mafuta, chokaa, chuma, shaba, rangi, dawa, protini iliyoharibiwa na jua, ngozi iliyokauka. Vingine havina madhara yoyote. Vingine ni dalili ya ugonjwa ulio mbali na jicho, kama vile duara la shaba linalozunguka konea ya mtu ambaye ini lake limeshindwa kuitoa shaba mwilini. Vingine ni onyo la upofu, au la kifo. Mwenye navyo huona doa tu kwenye kioo, au hata hilo halioni, akaambiwa na jirani.

Na jirani atamwambia nini? Atamwambia ana mtoto wa jicho.

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Mtoto wa jicho, katika matumizi yaliyokubalika, ni ugonjwa wa lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Si kitu kilicho juu ya uso wa jicho hata kidogo. Lakini jina hilo limekuwa kapu. Weupe wowote uonekanao jichoni hutumbukizwa humo: kovu la konea, duara la uzeeni, kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua, povu la mtoto mwenye upungufu wa vitamini. Nayo sitiari hii ina amri ndani yake, jambo ambalo wanafunzi wa semantiki wangepaswa kulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto huachwa akue. Mtu aliyeambiwa ana mtoto wa jicho hukaa nyumbani akingoja aive, na zamani hata madaktari walimwambia angoje, kwa kuwa upasuaji wa siku hizo ulitaka lenzi iliyokomaa. Leo hakuna haja ya kungoja hivyo. Neno limebaki na ushauri wa zamani tumboni mwake.

Haikuwa hivi siku zote, na wala si hivi kila mahali. Kiswahili kina chamba cha jicho, ambacho kamusi zinakijua kuwa ni utando au weupe unaoingia jichoni. Kina tongo, ule uchafu mzito unaokusanyika pembeni mwa jicho hasa asubuhi. Kina kiwi, hali ya macho kushindwa mbele ya mwanga mkali. Tanzania Bara watu husema vikope kwa ugonjwa wa trakoma, neno linalomwelekeza msikilizaji moja kwa moja chini ya kope, mahali ambapo ugonjwa wenyewe huanzia. Kuna ukungu, kuna utando, kuna kibanzi, kuna chembe, kuna doa. Maneno haya si visawe. Mtu asemaye ana ukungu anaeleza anavyoona. Asemaye ana doa anaeleza anavyoonekana. Asemaye ana kibanzi anaeleza anavyohisi. Tofauti hizo tatu ndizo tabibu huzitafuta katika dakika tano za kwanza za mahojiano. Mgonjwa amekwisha kumpa, naye ameandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya “doa jeupe” na kuendelea.

Mfano mzito kuliko yote ni ule wa povu. Mwaka 1863 daktari Mfaransa wa mji wa Bordeaux, Pierre Bitot, alieleza madoa aliyoyaona machoni mwa watoto wasioweza kuona giza linapoingia. Madoa hayo, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake, hukaa juu ya weupe wa jicho, aghalabu upande wa panja, yakiwa na umbo la pembetatu au yai na sura ya povu la sabuni. Hayo ni masalia ya chembe za ngozi zilizogeuka kuwa ngumu na kavu, zikachanganyika na bakteria. Chanzo chake kikuu ni upungufu wa vitamini A. Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani uliorekebishwa mwaka 1982, dalili hii imepewa alama ya X1B. Upofu wa usiku ni XN. Konea iliyokauka ni X2. Konea iliyoanza kuyeyuka ni X3, na kutoka hapo kurudi nyuma ni vigumu. Shirika hilo liliweka kipimo kwamba ikiwa zaidi ya nusu ya asilimia moja ya watoto wa kati ya miezi 6 na 71 katika eneo fulani wana doa la Bitot, basi eneo zima lina tatizo la afya ya umma. Yaani, watoto watano tu katika elfu ndio mpaka wenyewe. Watoto wawili walioandikwa vibaya wanatosha kuisogeza hesabu ya elfu moja kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine.

Na si suala la macho pekee. Mwaka 1983 Alfred Sommer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Indonesia, yaliyoonyesha kwamba watoto wenye dalili hizi nyepesi, upofu wa usiku na doa la Bitot, walikuwa wakifa kwa wastani wa mara nne zaidi ya wenzao wasio na dalili. Matokeo hayo yalichangia sana kuzifikisha nchi nyingi, Kenya ikiwamo, kwenye utaratibu wa kuwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 tone la vitamini A kila baada ya miezi sita. Ukambi nao huimaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini kwa kasi, na ndiyo maana mtoto aliyetoka kuugua ukambi hutazamwa macho kwa uangalifu zaidi.

Sasa na afikiriwe mama aliyekuja kliniki kutoka kijiji cha ndani ya Gede na mtoto wa miaka mitatu. Kabla ya kuingia, kwa adabu ya mtu anayemheshimu daktari, anamsafisha mwanawe uso. Povu la Bitot hufutika. Sehemu yake ya juu huondoka kwa ncha ya kanga, ingawa ukavu ulio chini yake hubaki na povu litarudi. Akiulizwa kama mtoto ana tatizo la macho, atajibu, “Ni tongo tu, daktari, nimeshamtoa.” Tongo ni neno sahihi kwa alichokidhani na si sahihi kwa kilichokuwapo. Tabibu anayekijua Kiswahili vizuri, si Kiswahili cha kusalimia, angeuliza swali moja zaidi: lilikuwa pembe ya pua au upande wa panja? Lilikuwa la kunata au la povu? Tongo hujikusanya pembeni na kunata kwenye kope. Povu la Bitot hukaa juu ya weupe, mahali pale pale kila siku. Swali hilo halihitaji mashine yoyote. Linahitaji lugha.

Ushahidi kwamba lugha inaweza kuwa kifaa cha uchunguzi upo, nao umetoka huko huko Indonesia. Wenyeji wa nchi hiyo wana jina la upofu wa usiku, *buta ayam*, yaani upofu wa kuku, kwa kuwa kuku hupapasa njia magharibi ikiingia. Mwaka 1980 Sommer na wenzake walionyesha kuwa kumuuliza mama kwa jina hilo kama mwanawe ana hali hiyo kulikuwa njia rahisi na ya kuaminika ya kuwapata watoto wenye upungufu wa vitamini A, bila ya taa wala darubini. Neno moja la kijijini lilifanya kazi ya chombo. Kwa Kiswahili, vitabu vinasema “upofu wa usiku”. Ni tafsiri nadhifu, lakini mama wa Gede ambaye hajapata kuisoma popote anaweza kuisikia kama kitu kingine kabisa. Maana upofu ni upofu, na mwanawe si kipofu. Anajikwaa tu jua likizama, anakataa kucheza na wenzake uani, anapapasa sahani ya chakula. Ni neno gani hasa wanalotumia akina mama wa Gede, wa Mida, wa Jilore, wa Kakuyuni? Swali hilo ni la isimu, na lina thamani kuliko orodha ya visawe mia mbili iliyotungwa kwenye warsha ya siku mbili katika hoteli ya kitalii.

Kutambua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika, na hapo lugha huingia kwa mlango usiotazamiwa. Waganga wa macho wana utaratibu wao wa kuchora walichokiona. Mwaka 1977 Waring na Laibson, madaktari wa Marekani, walipendekeza mfumo wa rangi kwa michoro ya konea: nyeusi kwa kovu, buluu kwa uvimbe wa maji, nyekundu kwa mishipa ya damu, kahawia kwa chuma na rangi nyingine za mwili, manjano kwa usaha na chembe za uvimbe, kijani kwa sehemu zinazoshika dawa ya rangi inayomulikwa kwa mwanga wa buluu. Ni lugha kamili yenye msamiati na kanuni, na mwanafunzi wa semiotiki angeweza kuiandikia tasnifu. Kipenyo cha doa hupimwa kwa milimita. Mahali pake hutajwa kwa kulifananisha jicho na uso wa saa: doa liko saa kadha.

Saa kadha, lakini kwa saa ya nani? Mshale mfupi ukielekea kwenye namba 3, Mwingereza husema saa tatu, Mswahili husema saa tisa. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni saa sita kamili, na saa sita juu ya uso wa saa ni nusu ya duara, yaani upande wa pili moja kwa moja. Tabibu anayemtazama mgonjwa ana kwa ana ataliona doa la Bitot la jicho la kulia kwenye namba 9, upande wa panja. Kwa Kiswahili hapo ni saa tatu. Akimtamkia msaidizi wake “saa tatu”, naye msaidizi akaandika 3, doa limehama kutoka panjani hadi puani. Na upande wa pua ndiko kinakoanzia aghalabu kile kinyama cha jicho kiletwacho na jua na vumbi, ugonjwa usiohusiana kabisa na vitamini. Kwa kosa la tarakimu moja, mtoto mwenye njaa iliyofichika amegeuka katika kumbukumbu kuwa mtoto mwenye kinyama. Hakuna anayehitaji kuwa mzembe ili kosa hilo litokee; inatosha watu wawili wazungumze Kiswahili sahihi na waandike Kiingereza sahihi.

Dawa ya kosa hilo imo ndani ya Kiswahili, tena bila ya kubuni chochote. “Upande wa pua” na “upande wa panja” hazina utata, hazitegemei saa, na kila mgonjwa anazielewa. Juu na chini vivyo hivyo. Inashangaza kwamba neno panja, ambalo kila mzee wa pwani analo, linaonekana kwa baadhi ya wasomi kuwa la kizamani mno kuingia katika kadi ya hospitali, ilhali wasomi hao hao watakesha wakitunga neno jipya la maana ile ile.

Ziko pia amana za jicho ambazo ni za pwani hasa, na ambazo mwenye lugha ya pwani pekee ndiye atakayejua kuziuliza. Wanja ni mojawapo. Mtumiaji wa wanja kwa miaka mingi huweza kuwa na chembe nyeusi zilizotuama katika utando wa ndani wa kope ya juu, zisizoonekana mpaka kope igeuzwe. Tabibu asiyeuliza anaweza kuzishuku kuwa uvimbe wa hatari wa rangi. Akiuliza kwa neno la jumla la vipodozi huenda akajibiwa hapana, kwa kuwa kwa mama mtu mzima wa Malindi wanja si kipodozi cha dukani; ni wanja, una adabu zake na siku zake, na hata mtoto mchanga hupakwa. Tena wanja wa manga wa asili huweza kuwa na madini ya risasi kwa wingi, jambo linalomhusu mtoto huyo kuliko doa lenyewe. Neno likiwa sahihi, mahojiano yanafungua habari ya sumu nyumbani. Neno likikosewa, yanafunga.

Kwa wavuvi ni jua, chumvi na mchanga. Mwaka 1973 F. C. Rodger alieleza katika jarida la Kiingereza la magonjwa ya macho hali ya konea aliyoiona kwa watu wa visiwa vya Dahlak katika Bahari ya Shamu: matone ya manjano, kama ya mafuta, yaliyotuama katika sehemu ya konea inayobaki wazi mtu akikunja uso mbele ya mwanga. Anayetoka na ngalawa alfajiri kutoka Watamu na kurudi mchana kwa miaka arubaini hatofautiani sana na mtu wa Dahlak katika mwanga anaoukabili. Wazee nao wana lile duara la kijivu linaloizunguka konea, lililotengana na weupe wa jicho kwa ufito mwembamba angavu. Ni mafuta. Kwa mzee halimdhuru na halimpofushi, ingawa likionekana kwa kijana ni vyema damu yake ikapimwa mafuta. Ni wazee wangapi wanaoishi na hofu ya “mtoto” ambaye hayupo? Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya hadi mwaka 1998, haikuacha alama kwa waliomeza dozi za siku tatu. Lakini watumiao dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu kwa maradhi ya viungo huweza kutuamiwa na chembe zake zilizojipanga katika konea kama mkondo wa maji uzungukao. Hizo huhitaji darubini yenye mwale mwembamba wa mwanga ili zionekane, na Kiswahili peke yake hakitazifichua. Si busara kukidai kifanye kisichoweza.

Wapo watakaopinga hoja hizi, na pingamizi lao lina uzito. Watasema tiba ni taaluma ya kimataifa; kwamba kadi iliyoandikwa Gede inaweza kusomwa kesho Mombasa au Nairobi na daktari asiyejua panja ni nini; kwamba X1B ni X1B popote duniani, na kuongeza maneno ya vijijini ni kuongeza vurugu. Ni kweli kwamba X1B haina haja ya kutafsiriwa, na anayetaka kuibadilisha ataleta hasara. Lakini alama hiyo ni hitimisho. Inasema tabibu aliamua nini, haisemi mgonjwa alileta nini. Uamuzi ukiwa na kosa, atakayekuja kuukagua hana pa kurejea, sawa na mchimbaji aliyekuta kibandiko kimeandikwa “kikombe” na kikombe chenyewe kimepotea. Neno la mgonjwa likiwa limehifadhiwa kando ya alama, kosa linaweza kugunduliwa miaka kumi baadaye. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, kadiri iwezekanavyo, katika lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria zote mbili zinazungumzia upande wa maneno yanayotoka kwa serikali na kwa daktari. Yanayotoka kwa mgonjwa hayajapata mtetezi.

Wengine watasema simu imemaliza mjadala. Siku hizi picha ya jicho hupigwa kwa simu ya mkononi, na Kenya yenyewe ilikuwa uwanja wa majaribio ya mapema ya teknolojia hiyo, pale Andrew Bastawrous na wenzake walipopima uwezo wa kuona kwa simu katika eneo la Nakuru na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Picha ni msaada mkubwa na hakuna sababu ya kuipinga. Ila picha haisemi doa limekuwapo tangu mvua za masika, wala kwamba lilikuja baada ya ukambi, wala kwamba bibi alitia maji ya majani fulani jichoni. Mwaka 1987 Foster na Sommer walichapisha utafiti juu ya watoto wa Tanzania wenye vidonda vya konea, na miongoni mwa visababishi, pamoja na ukambi na upungufu wa vitamini A, zilikuwamo dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Hilo ni la kuulizwa, tena kwa heshima, kwa kuwa mama anayehisi anashtakiwa hatalisema. Atakayemwambia “Mama, mlimtia nini kumsaidia?” atapata jibu ambalo mwenye kuuliza “Mlitumia uchawi gani?” hatalipata hadi kiama. Hata picha yenyewe inahitaji maandishi chini yake: jicho gani, tarehe gani, kabla ya kusafishwa au baada, na kwa kuwa uso wa mtu ni siri yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihusu kama inavyoihusu kadi.

Lawama, basi, isielekezwe kwa wauguzi, ambao foleni yao haiwaruhusu kuandika insha. Ielekezwe zaidi kwa idara za Kiswahili. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, barabara moja na Gede. Chuo cha Mafunzo ya Tiba nacho kina tawi Kilifi. Wanafunzi wa Kiswahili wa chuo cha kwanza huandika tasnifu juu ya taswira ya mwanamke katika riwaya zilizokwisha kuchambuliwa mara ishirini, na wanafunzi wa chuo cha pili hujifunza kumhoji mgonjwa kwa kitabu cha Kiingereza, ilhali wagonjwa watakaowahoji ni watu wa Kilifi. Hakuna sheria inayowakataza kuketi pamoja. Kazi yenyewe si kubwa: kwa idhini ya hospitali na ya mgonjwa, kukaa kwenye benchi la kungojea kwa msimu mmoja na kuandika, bila ya majina ya watu, maneno ambayo watu wanayatumia kwa kile kilicho juu ya macho yao, kisha kuyalinganisha na alichokikuta tabibu. Kipi kinaitwa utando na kipi chamba? Ukungu wa vijana ni ukungu wa wazee? Mzungumzaji wa Kigiriama anapohamia Kiswahili, anabeba tofauti zipi na anaziacha zipi njiani? Huenda ikagundulika kwamba maneno yanatofautisha maradhi kwa usahihi mkubwa. Huenda ikagundulika kwamba hayatofautishi chochote, na kwamba mtoto wa jicho amekwisha kuyala yote. Matokeo yoyote yatamfaa tabibu.

Kwa upande wa kadi, kinachohitajika ni mstari mmoja. Juu ya alama, milimita na mchoro wa rangi, iwekwe nafasi ya neno la mgonjwa, liandikwe kama lilivyotamkwa, katika lugha aliyolitamkia, hata likiwa “mtoto wa jicho”. Na pale panapotakiwa namba ya saa, paandikwe pua au panja.